Mafiga ya Wankyo

Sikilizeni wanangu, na mniache niseme nikiwa nimeketi hivi hivi, maana nikilala pumzi inakataa. Makoye, zima hiyo simu, sijafa bado! Nimewasikia jikoni mkinong'ona kwamba nimerogwa, kwamba mama yenu mdogo Wankyo, mke mwenzangu, bado ananitupia vitu kutoka Nyasura mlikomfukuzia. Mna wazimu? Jana Musoma daktari alinionyesha moyo wangu kwenye kioo, Esta akiwepo: mlango wa kupeleka damu mapafuni ni mwembamba tangu nimo tumboni mwa mama yangu, damu imepenya hapo kwa nguvu miaka sitini na nane, hadi mshipa ulio mbele yake umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, na siku yoyote utapasuka. Tangu tumboni! Wankyo hakuwa hata amezaliwa.

Basi yale mafiga yake mliyoyang'oa mkayatupa mtaroni, naye akaondoka na mvua ile ameshika sufuria moja, kosa lake lilikuwa nini? Nina hasira nanyi mpaka kifua kinawaka. Lakini jina lake nani aliwatajia? Mimi. Tukiwa shambani nilikuwaga nachoka haraka, yeye anamaliza mistari minne ya pamba mimi bado mmoja, wivu ukanijaa, na mganga aliponiuliza mbele yenu namshuku nani kuniroga, nikamtaja pale pale. Mshenzi mimi! Na ndiye aliyekubeba mgongoni, Makoye, nilipokosa pumzi ya kukubeba.

Shamba la Guta mgawane sawasawa na watoto wa Wankyo, ng'ombe vilevile, na nisisikie ubishi. Esta, huyo Brenda wako anayehema akinyonya apimwe moyo wiki hii hii, asipelekwe kwa mganga.

Makoye, mafiga yatoe mtaroni kwa mikono yako, uyarudishe mahali pake, kisha umfuate Wankyo umpigie magoti. Nikifa msinizike kabla hajapika na kula hapo. Akikataa kuja, nioze uani, ni haki yangu.

Ngojeni... nipumue. Mungu awape pumzi ndefu, wanangu. Mimi alinipa fupi... nikaitumia kumtaja mtu. Msi... msifanye hivyo.

Makoye, bado umekaa? Nenda.