Tairi Kubwa, Mama Mkwe Mfupi

Tukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, Rwehumbiza, ambaye alishajitambulisha kwa kila mtu, alikuwa akiisifia pikapu yake mbele ya dada mwenye ndoo ya dagaa. "Rimu ni zile zile za kiwandani, nimepandisha saizi ya tairi tu."

"Ukikata kona hazigusi madigadi?"

"Kidogo." Kidogo hicho kilishakula nusu ya madigadi.

"Unafuata mzigo?"

"Namfuata mama mkwe, aje ubatizo wa mjukuu. Ni mfupi, ila mgongo bado mzima."

Dada akapima kwa macho kutoka chini mpaka mlangoni. "Nani atamshika apande?"

Mkwe hashikwi. Kivuko kikagusa nchi kavu.

"Dada," alisema taratibu, "hiyo ndoo, ukitoa dagaa, inauzwa?"