Shangazi Korongo na Simu ya Wasomaji

Ifikapo tarehe thelathini Juni, Shangazi Korongo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika jarida letu la wapenda ndege, na siku hiyohiyo atastaafu. Jina hilo alibandikwa na wasomaji kwa ajili ya urefu wa miguu yake. Hakununa, alilichapisha.

Alianza kama mpiga taipu, akapanda hadi kuwa mhariri wa ukurasa wa "Nimemwona", ambamo wasomaji huripoti ndege waliowaona. Kabla ya kuchapisha taarifa yoyote, alimpigia simu aliyeileta na kumtaka aigize mlio wa ndege huyo. Watu wazima na heshima zao, mahakimu kwa madaktari wa meno, waliigiza tetere mbele ya wafanyakazi wao. Aliyeshindwa hakuchapishwa.

Utaratibu huo ulimponza mara moja tu. Nesi mmoja, msomaji wetu, alidai kuna ndege adimu uani kwake, akautoa mkono wa simu dirishani, na Shangazi akasikia mlio safi kabisa. Habari ikatoka ukurasa wa kwanza. Watu arobaini walifika na darubini zao, wakakuta geti lililokauka mafuta. Katika toleo lililofuata Shangazi aliandika mwenyewe: "Ndege tuliyemtangaza ni geti. Tunaliomba radhi."

Enzi hizo tulichapa nakala elfu kumi na moja. Mwaka jana zilikuwa mia tisa. Picha za ndege sasa zimejaa kwenye simu za watu, tena zinatembea, na tukisema zetu ni nzuri zaidi tutakuwa tunajidanganya. Bosi alipotangaza kuwa toleo la Juni ndilo la mwisho la karatasi, sisi tuliguna tu. Shangazi aliulizia wazee themanini na sita wasio na intaneti, ambao kwao jarida hili ndilo mgeni wa kila mwezi. Siku hiyo hakutania mtu, na sote tuliumia.

Bosi alikubali simu ya mezani ibaki, kila Alhamisi asubuhi wazee wapige, wasomewe habari na watoe zao, mradi apatikane mtu wa kuipokea. Asipopatikana, laini ingekatwa Shangazi akiondoka. Kwa wiki mbili ofisi nzima ilijifanya ina kazi hadi shingoni. Mwishowe nikajitokeza mimi, mpanga kurasa, ambaye kwangu kunguru na mwewe ni baba mmoja, mama mmoja.

Alhamisi iliyopita Shangazi alinikalisha kwenye kiti chake. Wa kwanza kupiga alikuwa mwalimu mstaafu, msomaji wetu tangu toleo la pili. Aliposikia sauti ngeni, akaigiza mlio wa ndege. Nikamgeukia Shangazi, akatazama dari. Nikamwomba mzee arudie, akarudia mara tatu bila kuchoka, hadi nikathubutu kumtaja dudumizi.

"Haya," mzee akasema, "sasa andika, mwanangu."

Nikaandika. Shangazi alifuta miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi.

Asante, Shangazi, kwa kazi na kwa ukali wako wenye kicheko. Tunakuombea afya njema na asubuhi ndefu zisizodaiwa kurasa na mtambo wa uchapaji. Kapumzike bila wasiwasi. Alhamisi simu itapokelewa.