Bi Hatsue na Mgongo wa Ebisu

Bi Terakado Hatsue anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya kuitumikia karakana yetu ya kukarabati viwambo vya kukunja, vile vya karatasi yenye picha vya kugawia chumba, hapa Kyoto, kwa miaka arobaini na mitatu. Aliingia akiwa mpishi wa gundi. Anatoka akiwa fundi mkuu wa karatasi, na hadi leo gundi hamwachii mtu.

Si mtu wa maneno mengi. Wageni wakiziba pua kwa harufu ya mitungi ya gundi iliyovundikwa miaka kumi, yeye huwafungulia dirisha na kuendelea na kazi.

Kazi yake inayotajwa zaidi ni kiwambo cha miungu saba ya bahati, mali ya familia ya Nishiwaki, wapika sake, pombe ya mchele, wa Fushimi. Picha ilikuwa nzima, dhahabu inang'aa, mmoja wao, Ebisu, kamkumbatia samaki wake, changu. Ila upande wa pili, nyuma ya Ebisu hasa, karatasi ilikuwa imetoboka. Ebisu ni mzito wa kusikia, na kila Mwaka Mpya ukoo mzima ulimgongea mgongoni kwanza, ndipo ukamwomba kwa sauti.

Mkurugenzi wetu, Bw. Odagaki, aliamua familia ikatazwe kugonga. Kiwambo kingechanika tena, aibu ingekuwa ya karakana.

“Bosi, wakikatazwa kugonga watamwomba nani, ukuta?” alisema Bi Hatsue. “Nitaweka karatasi ya kugongwa. Ikichanika, naacha kazi.”

“Haya. Umesema mwenyewe, mama.”

Na Bw. Odagaki hasahau. Bi Hatsue alibandika karatasi ya mforsadi tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikipishana. Tangu hapo, kila kiliporudi kiwambo hicho kukaguliwa, Bi Hatsue hakugusa chakula hadi auone mgongo wa Ebisu.

Februari hii alikikagua kwa mara ya mwisho. Karatasi ilikuwa nzima. Alikwenda kunawa mikono, na Bw. Odagaki akazunguka nyuma ya kiwambo, akagonga, akapaza sauti inavyopasa: “Bwana Ebisu! Mwache huyu mama abaki kwetu, japo mwaka mmoja!”

Karakana nzima ilisikia, na Bi Hatsue huko bombani pia. Alirudi macho mekundu, akapakagua upya mahali palipogongwa.

Ebisu hajajibu, na tarehe imefika. Ahsante, Bi Hatsue. Tunakutakia afya njema na siku tulivu. Tumekuombea hayo kwa kugonga, tena kwa sauti.