Saa ya Mama Leonard

Bibi Consolata alikuwa kwenye bajaji ya kutoka Singe, kapu la maharage mapajani, katikati ya wanaume wawili wasiojuana. Kulia kijana, kushoto mzee wa kofia, saa ya zamani mkononi.

"Shikamoo mzee. Mimi fundi saa, pale sokoni Babati. Hiyo saa yako ya namba nyekundu bado inafanya kazi?"

"Marahaba. Bonyeza hapo uone."

Namba zikawaka. Mzee akaivua, kijana akaipokea kwa ncha za vidole, kama anayepokea kifaranga. Mzee akatoa kifua mbele mpaka kapu likasogea.

Kijana akaigeuza. Mgongoni palikuwa na jina MAMA LEONARD, limekwaruzwa kwa msumari kama kwenye sufuria za kuazimana. Bibi akaliona: herufi zimenyooka, mwandishi hakuwa na haraka.

"Aa, mzee! Nani kaiharibu hivi?"

"Mke wangu. Mabwana harusi walikuwa wakiiazima, hairudi mpaka niifuate. Alipoandika, ikawa inarudi yenyewe."

"Sasa sikia. Kuna watu wanakusanya saa hizi, ila wanazitaka safi. Ninao mfuniko wa saa iliyokufa, aina hiyohiyo. Nikiubadilisha, utauza bei nzuri sana."

"Na hilo jina nilipeleke wapi?"

"Utabaki nalo nyumbani, mzee wangu."

"Nyumbani ninaye mwenyewe!"

Bibi akacheka peke yake. Bajaji ikasimama sokoni.

"Basi mfuniko nakutunzia," kijana akasema, akamrudishia saa na kushuka.

"Tunza. Jumamosi kuna bwana harusi kule Nangara anaisubiri."