Maji Mengi, Kasema Nesi

Kijiwe chetu kiko Mkunya, mbele ya banda langu, benchi la gogo la mkorosho. Mimi Mussa nachemsha kahawa, wanywaji wanaleta maji kwa zamu, maana huku juu maji ni shida na sina kisima. Asiyeleta hanywi, hata awe mjomba wangu. Jana zamu ilikuwa ya Danieli, Baba Oliva. Alifika na kidumu, uso umemshuka. Bintiye ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na tangu juzi miguu inamuuma, analia. Nesi Violet wa zahanati alikuwa amempangia chakula. Basi wenzangu wakakirukia hicho chakula kama polisi wamekamata gunia la magendo.

— Hebu rudia, kakwambiaje? Huyo ni Cyril, tunamwita Mpelelezi. Hata salamu huwa anaichunguza kwanza.

— Kasema mwili unawaka kwa ndani, ndiyo maana viungo vinauma na kuvimba. Ale mbaazi, kisamvu, mapapai, dagaa. Soda, vitamu na vya kukaanga apunguze. Na maji, maji mengi, kutwa nzima.

— Dagaa! Huyo nesi kwao wapi?

— Mwanza.

— Na dagaa wanatoka wapi?

— Mama yangu! akaruka Anselmo, ambaye kwa kupenda habari tunamwita Redio. Kumbe yuko kazini!

Gasper akajisogeza. Yeye ni Ruksa, kwa sababu tangu biashara iwe ruksa hakuna kisichouzwa dukani kwake.

— Baba Oliva, achana na mbaazi. Nina sharubati ya kopo, imetoka Dubai, nyekundu yenyewe. Hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye damu.

— Si ina sukari? Vitamu kakataza.

— Ndiyo ujiulize, kwa nini akataze vya kwangu tu?

— Hata hivyo vya kukaanga mimi namuunga mkono, akasema Redio. Mafuta haya ya madumu ya njano si ya kula. Habari nimezipata Tandahimba. Ni ya ndege. Ndege zilikosa abiria, mafuta wakatuletea sisi.

— Ndiyo maana nikila maandazi kichwa kinazunguka, akasema Ruksa, naye ndiye anayeyauza hayo mafuta.

Mpelelezi akajipiga kofi pajani.

— Mnahangaika na madogo. Shikeni hapo kwenye maji! Watu tunagombania ndoo mwaka mzima, yeye anasema mtoto anywe kutwa nzima? Huyo ana lori la maji mahali.

— Lori mbona hatujaliona? akauliza Danieli.

— Si kalificha!

Danieli akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Nilifurahi kumwona anacheka, nikammiminia kikombe kingine, nikawaongeza na wengine.

— Maji yako leo safi, nikamwambia. Hayana hata tope.

— Nimeyakuta tu nyumbani.

Hapo ndipo Mama Oliva alipotokea njia ya bondeni, ndoo kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Oliva. Mtoto anaendeleaje?

— Bado anaumwa. Midomo imemkauka, anaomba maji, na pampu ya bondeni imekufa tena. Akaishusha ndoo. Ilikuwa tupu. Baba Oliva, yale maji niliyoyachemsha nikayachuja, nikayaweka mvunguni mwa kitanda chake, umeyaweka wapi?

Danieli akatazama kikombe chake. Ruksa akakiweka chake chini polepole. Mpelelezi, mwenye swali kwa kila mtu, akaanza kufunga kamba za viatu. Nikalitikisa birika. Ndani mlikuwa na machicha ya kahawa tu.