Shetani Aliyependa Asali

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wa rika langu, habari za asubuhi. Mimi kusema mbele za watu siwezi, kwa hiyo nimeandika, na nitasoma taratibu. Mkiona nimenyamaza, nisubirini kidogo.

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha wenye kisukari, nawaambia, kuna wakati niliogopa kitanda changu kuliko nyoka.

Nilikuwa nakaa Mazingara kwa bibi yangu, mzaa mama. Nilipomaliza darasa la saba nikagundulika nina kisukari, nikaanzishiwa insulini, sindano asubuhi na sindano jioni. Hospitali walieleza mengi, ila bibi alishika neno moja tu, sukari. Akaiondoa nyumbani yote. Hata ugali wa jioni alinimegea kipande cha mtoto wa kunyonya. Sikubisha. Na mimi niliamini kula ndiko kutakakoniua.

Ukaja msimu wa kulima. Kutwa nashika jembe, jioni nachoma sindano ileile, nakula kipande kilekile, nalala. Hapo ndipo usiku wangu ulipoharibika. Naota nimetumbukia kisimani. Naamka shuka imelowa kama imetoka kufuliwa, moyo unadunda, mikono inatetemeka, sijui niko wapi.

Usiku mmoja sikuamka. Bibi alinisimulia baadaye kwamba nilikuwa nasaga meno, macho wazi, lakini simwoni. Sasa bibi yangu ujanani aliwahi kuchezewa ngoma ya mashetani, na mashetani wa kwetu wana vyakula vyao. Akachukua asali ya nyuki aliyokuwa akiwawekea, akanipaka kwenye fizi kwa kidole, akamwambia huyo mgeni apokee chake aniache. Baada ya muda nikatulia, nikaomba maji.

Ninyi msingeamini? Mimi niliamini kabisa.

Tangu hapo bakuli la asali likalala karibu na kichwa changu. Mgeni akija anapewa, anaondoka. Lakini hofu haikuondoka. Nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani. Wenzako wakiwa wamelala na wewe umekodoa macho, panya akipita darini unadhani ni mtu.

Bibi akaanza kuchunguza. Asubuhi moja akaniambia, “Mjukuu wangu, huyu hapendi sindano. Ukichoma jioni, usiku anakuja.”

Wazee wangu, alichokiona kilikuwa kweli. Hilo linaniogopesha mpaka leo. Tukaacha sindano, ya jioni na ya asubuhi. Usiku wa kwanza hakuna jasho, hakuna kisima. Bibi akashukuru, na mimi nikashukuru.

Kisha ikaja kiu. Nakunywa, natoka nje kukojoa, narudi, nakunywa tena, mpaka kunakucha sijafumba jicho. Halafu nikaanza kutapika. Nikawa nahema kama niliyetoka mbio, na nimelala tu. Nilitaka kumwambia bibi nakufa, ulimi ukawa mzito. Alinifunga kwa kanga mgongoni mwa dereva wa bodaboda, akakaa nyuma yangu kunishikilia, mpaka barabara kubwa. Hapo tukapata gari la kuja Korogwe.

Nilipoanza kupata nafuu wodini, muuguzi alimuuliza bibi ilikuwaje. Bibi akamweleza yote, asali na mgeni wake. Nilifunika uso kwa aibu. Muuguzi hakucheka. Aliuliza, “Siku ambazo hakulima, huyo shetani alikuja?”

Bibi akafikiri. “Mara chache sana.”

“Na ungempa chumvi badala ya asali, angeondoka?”



Muuguzi akatueleza kwamba insulini ni homoni, kazi yake kushusha sukari ya damu. Jembe nalo linaishusha, na linaendelea kuishusha hata ukiwa umelala. Kama hukula vya kutosha, sukari inaanguka usingizini, mwili unatoa homoni nyingine za kukushtua. Ndiyo jasho, ndiyo moyo kwenda mbio, ndiyo ndoto za kutisha. Na ukikosa insulini kabisa, sukari inapanda, mwili unaitoa kwa mkojo, usiku wote uko njiani kwenda chooni, na mwisho damu inakuwa sumu.

Bibi akauliza kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo nilimuua au nilimponya?”

“Asali ilimwokoa, bibi. Kuacha sindano ndiko kulikotaka kumuua.”

Daktari akanipangia dozi upya. Nikafundishwa kupima kabla ya kulala, na kuongeza chakula siku ya jembe. Sasa nakaa kwa shangazi hapa Kwamndolwa, na bibi amehamia nami.

Namshukuru muuguzi yule kwa kutotucheka. Namshukuru dereva, hakuuliza nauli mpaka tulipofika. Nawashukuru ninyi. Wenzangu wa sindano, anayelala karibu nawe mwambie dalili zako, na usiache dawa kabla hujauliza.

Hofu haijaisha yote, nisiwadanganye. Bakuli la asali bado liko karibu na kichwa changu, na bibi yangu, yule pale nyuma mwenye mtandio wa kijani, bado anaamka usiku kunigusa paji la uso.

“Umelowa?”

“Sijalowa, bibi. Lala.”

Basi analala. Na mimi nalala.