Bi Kazija na Klasi Mbili za Jina Moja

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bi Kazija Nyange Faki anastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa kumbukumbu za afya, hapa Chake Chake, kwa miaka thelathini na mitatu.

Alianza mwaka 1992 akiwa karani wa mafaili. Kompyuta zilipoingia, wengi wa rika lake walizikimbia. Yeye, mwenye miaka arubaini na sita, aliomba kufundishwa hifadhidata, na baada ya miaka miwili walimu wake ndio waliokuwa wakimuuliza. Chai yake ya tangawizi ilijulikana, na ukali wake pia: aliyeandika jina la mgonjwa peke yake, bila la baba, la babu na shehia anakoishi, alirudishiwa fomu bila maelezo.

Ukali huo ndio uliotuokoa mwaka jana. Siku tatu kabla ya chanjo ya watoto kule Tumbe, orodha ya watoto ilitoka tupu. Bila orodha wauguzi wasingejua nani amebakisha sindano ya surua, na kwa kweli tuliogopa.

Waandishi wetu wa programu, Fahmi na Hind, walihangaika kutwa nzima wakiilaumu seva. Bi Kazija akavuta kiti, akasoma msimbo wa programu taratibu, kisha akauliza humu ndani mna akina Mtoto wangapi. Walikuwemo wawili. Fahmi alikuwa ameunda klasi, yaani kiolezo cha kumbukumbu ndani ya programu, iitwayo Mtoto kwa kumbukumbu za uzazi, Hind naye akaunda yake ya chanjo kwa jina hilohilo. Maktaba inayounganisha programu na hifadhidata ilishika ya Fahmi, ikawa inatafuta chanjo kwenye jedwali la uzazi.

Aliwaambia wafanye kama tunavyofanya kwa akina Rajab wengi wa kwenye mafaili, kila mmoja atajwe na kwao. Wakaandika MtotoUzazi na MtotoChanjo, na orodha ikatoka na watoto mia mbili na kumi na wanane. Wote walichanjwa. Fahmi alikiri kwamba aliwahi kurudishiwa fomu tatu, akadhani mama huyu anamchukia tu.

Kesho kiti chake atakikalia Kazija mwingine, binti wa Mgogoni. Tumefuata desturi yako, Bi: yeye ni Kazija wa Mgogoni. Ila hapo tu tumekuasi, kwani jina lako tumeliacha bila nyongeza, na hapewi mtu.

Ahsante kwa yote. Mungu akujaalie afya, raha na wajukuu wa kukusumbua. Na siku ukipita mlangoni ukasikia anaitwa Bi Kazija, geuka tu, ni wewe.